Bunduki Uliyotutumia Haina Kosa

S.L.P. 17,
Ikpiaruk,
Alaska.

9 Desemba

Mpendwa Mama Mdogo Wilma,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limekubali kupanda ngazi za hapo Anchorage bila kunung'unika. Huku sote ni wazima. Bibi mzima, Mama mzima ingawa zahanati haijampa hata siku moja ya kupumzika, na Mjomba Clifford anakula kama mtu aliyerudishiwa roho. Kwa kweli alirudishiwa, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Naandika kwa karatasi kwa sababu mnara wa simu bado umelala kifudifudi ufukweni tangu dhoruba ya wiki iliyopita. Nafurahi pia, usimwambie mtu. Unanijua mimi na simu: nasema "ndiyo" mara nne halafu nampa Bibi. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Najua rubani wa ndege ya barua alikufikishia maneno ya Mjomba, kwamba bunduki uliyomnunulia ni takataka na uwarudishie wenye duka. Tafadhali usiende. Kama umeshakwenda, rudi ukawaombe radhi. Bunduki yako haina kosa hata chembe. Kosa ni langu, na nimelibeba siku kumi na moja kabla ya kulitema.

Ilipofika, wiki moja kabla ya dhoruba, nyumba ilijaa watu. Mjomba aliipakata kama mtoto wa kwanza. Bibi alikuwa anashona. Akaitazama juu ya miwani.

"Hiyo darubini ya nini? Unataka kuwinda mwezi?"

"Mama, kwa hii dubu unamwona angali mbali."

"Dubu wa mbali hana ugomvi na mimi. Ninayemwogopa ni wa mlangoni."

Dwight, unamjua binamu yangu na mdomo wake, akaingilia: "Bibi anaitaka ile ya babu. Ile fimbo ya kuchokorea jiko."

"Fimbo hiyo ndiyo iliyomlisha baba yako mpaka akakuzaa wewe," Bibi akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

Wakabishana hivyo hadi chai ikapoa. Haikuwa mzaha mtupu. Novemba ilikuwa inakwisha na barafu ilikuwa haijashika baharini, na dubu weupe wasio na barafu hutembea pwani na njaa yao. Dhoruba ikija, watu wote hupanda shuleni kilimani, wazee kwa miguu, na lazima mtu awasindikize na bunduki isiyomwangusha. Ipi? Mjomba alisema mpya. Bibi alisema ile iliyoning'inia kwenye kibaraza cha baridi tangu kabla Mama hajazaliwa. Mimi Dwight huniita Samaki, kwa sababu nafungua mdomo na halitoki neno.

Bibi peke yake ndiye aliyenigeukia. "Wewe, mume wangu, unasemaje?" Hajaacha kuniita hivyo, msichana mzima, kwa kuwa nilipewa jina la marehemu babu, na kwetu anayepewa jina ndiye yule mzee amerudi. Mjomba naye akitaka kunichokoza huniita Baba. Akasema, "Haya, Baba, amua." Wakacheka. Nikaenda kuosha vikombe.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Kesho yake nilikuwa peke yangu nyumbani. Theluji laini ilikuwa inapenya ufa wa kibaraza na kuifunika bunduki mpya, nami nikaihurumia. Najua, Mama Mdogo. Kila mtoto wa hapa anajua kabla hajajua kuhesabu: bunduki hailali ndani. Inalala kwenye baridi, kavu, bila mafuta. Nimelisikia hilo kwa lugha yetu tangu nikiwa mgongoni. Lakini ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza, karatasi inang'aa, na kijitabu kilisema silaha itunzwe mahali pakavu penye joto na ipakwe mafuta ya kutosha. La Bibi lilikuwa neno tu. Hili lilikuwa limeandikwa. Shuleni tunasoma kwa lugha zote mbili, ila mtihani unaohesabika ni wa ile ya vitabu, na mimi ni mwanafunzi mzuri. Huo ndio ugonjwa wangu.

Nikaiingiza ndani. Nikailaza nyuma ya jiko, nikalimiminia komeo, kile chuma kinachosukuma risasi, mafuta ya cherehani ya Bibi. Baada ya muda chuma kilitoka jasho kama mtu aliyekimbia. Nikaifuta, nikairudisha kibarazani kabla hawajarejea. Nilifuta jasho la nje. La ndani sikuliona.

Dhoruba ilitufikia Jumatatu. Kufika saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepita chanja za samaki na yanalamba ngazi za nyumba za chini. Redio ikaita watu wote wapande shuleni. Pikipiki ya magurudumu manne ilikwama kwenye tope la barafu, basi tukatembea: Bibi, mzee Agnes jirani yetu, Mama akiwa na sanduku la dawa, Dwight na mablanketi. Mjomba mbele na bunduki yako.

Nilimwona anaichukua. Usiku kucha nilikuwa nimelikumbuka lile jasho, na nilijua jasho hugeuka barafu kwenye baridi ile. Nikasema, "Mjomba." Akasema, "Nini?" Mama Mdogo, watu watano walinigeukia. Nikasema, "Hakuna."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko mafuta. Mafuta ni ujinga. "Hakuna" ulikuwa woga.

Nilichoweza ni kunyoosha mkono nikaitoa ya babu kwenye msumari wake, na risasi tano kutoka kwenye kopo. Dwight akaniona. "Samaki, jiko la shuleni lina fimbo yake ya kuchokorea." Nikaitia begani. Unakumbuka ni Bibi aliyenifundisha kuipiga nikiwa na miaka tisa, akisema hanifundishi, ananikumbusha.

Dubu alikuwa nyuma ya ghala la mitumbwi, pale njia inapopinda. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, hatukusikia kitu. Alitoka tu, mweupe ndani ya weupe, mwembamba, nyonga zimetokeza, hatua kumi na tano hivi, kama mlango wenu na ile ngazi ya kwanza ya duka. Hakunguruma. Aliinamisha kichwa akaja.

Mjomba aliinua bunduki, akavuta kifyatuo. Hakuna. Akalivuta komeo, likagoma nusu njia. Akalipiga kwa kiganja, akavuta tena. Kimya. Hakukimbia. Aliigeuza bunduki akaishika kwa mtutu kama rungu, akasimama mbele ya Bibi.

Sijui nilipiga goti lini. Nakumbuka kitako cha bunduki kilikuwa baridi shavuni na kwamba mikono yangu, inayotetemeka nikisoma darasani, ilikuwa imetulia kama ya mtu mwingine. Komeo la babu liliteleza kama ulimi. Nilipiga begani. Dubu akakaa chini kama mzee aliyechoka, akaanza kuinuka. Nikapiga ya pili, hakuinuka.

Upepo tu. Kisha Bibi, kutoka nyuma ya Mjomba, akasema kwa sauti ya mtu anayepokea mgeni: "Mume wangu, umechukua muda."

Mzee Agnes akaangua kicheko mpaka ikabidi tumshike.

Kulingana na desturi, windo la kwanza halina mwenyewe, wala aliyeliua haruhusiwi kulionja. Nyama yote iligawiwa pale shuleni, ikachemshwa vizuri kwenye masufuria ya jikoni hapo, na watu wote wa Ikpiaruk wakala wakati maji yakipita kwenye nyumba zao. Mimi sikuonja hata kipande, na sijawahi kushiba namna ile. Ngozi alipewa mzee Agnes. Aliipapasa akasema "arigaa," yaani imekuwa njema, na machozi yakamtoka.

Lakini kila mtu alikuwa anailaani bunduki yako, nami nilikuwa ninasifiwa. Kila sifa ilinikaba kama mwiba wa samaki.

Juzi baraza la kijiji likaitisha mkutano ukumbini. Wameamua shule iwe na bunduki yake ya dhoruba, na hawakukubaliana ipi. Mwenyekiti akasema, "Tumuulize aliyempiga dubu." Watu mia mbili, Mama Mdogo. Dwight akanong'ona, "Haya Samaki, ogelea."

Nikasimama. Nikasema kwanza lile la mafuta. Lote: jiko, cherehani, kijitabu, na lile "hakuna" langu mlangoni. Nilianza kwa Kiingereza, kikaniishia, nikamalizia kwa lugha yetu, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Nikasema mpya na kuukuu ni vyuma tu. Inunuliwe yenye komeo la mkono, bila darubini, inayotumia risasi ambazo duka letu haliishiwi, na nyepesi kiasi cha Bibi kuiinua. Mwalimu mkuu alitaka ikae ofisini kwake penye joto. Nikasema hapana. Nilimwambia mwalimu mkuu hapana. Ikae kwenye sanduku la kufuli, kibaraza cha baridi, kavu bila mafuta, na risasi kwenye sanduku lake, ufunguo kwa wazee wawili.

Mjomba akainuka polepole. Nikajua sasa nitakiona cha moto.

"Kwa hiyo ulitaka kuniua, Baba," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Halafu nikabadili mawazo."

Sijui ilitoka wapi. Paa karibu liondoke kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Mjomba.

Usiku huo aliifungua bunduki yako yote, akaiosha kwa petroli, akaiacha nje siku mbili. Leo asubuhi imepiga makopo sita kati ya sita. Baraza limeagiza ya shule, na ni ya aina hiyohiyo uliyochagua wewe, bila darubini. Mjomba anasema barua hii niandike mwenyewe, kwa kuwa yeye ameshaitukana mno, ana haya. Pokea samahani yake hapa, na yangu iwe chini yake, kubwa zaidi.

Bibi ameniagiza niandike sheria ya bunduki kwa lugha zote mbili, yetu ikiwa juu, ibandikwe kwenye lile sanduku. Hasomi, lakini alisimama akaitazama kwa muda mrefu. "Haya," akasema, "sasa na mimi nimeandikwa."

Msalimie mume wako Harlan na wale mapacha. Bibi anakutumia mafuta ya sili kwenye chupa, Mama anakutumia dawa ya goti, Dwight anakutumia salamu na ameacha kuniita Samaki tangu juzi, ingawa sidhani itadumu. Mungu akulinde na barafu za mjini, na akurudishe kwetu kiangazi ukiwa na miguu miwili yenye nguvu.

Ni mimi, mwanao anayekupenda kuliko anavyoweza kutamka, na kwa jina nililopewa, baba yako,

Verna Nasuk