Kikapu cha Kahawa cha Mjomba Datius

Kwa niaba ya ukoo mtukufu wa marehemu Mzee Mwijage, wa Muleba na Bakoba, inatangazwa kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mwaka mmoja umetimia tangu ilipoanguka nguzo ya taifa.

Mama yako, Bibi Ephrasia, amenisikia nikisoma. "Nguzo gani? Hata kitanda alikuwa hatandiki."

Basi tuanze upya, Mjomba Datius. Ni mwaka mmoja sasa tangu tukulaze kibanjani Muleba, chini ya migomba ambayo hukuwahi kuipalilia.

Baba yako alikwenda na mgambo kwenye vita vya Kagera, hakurudi. Ulirithi koti lake, ukalivaa jukwaani hata jua lilipokuwa kali. Wewe, Lukmani na Burhani mkajiita Wakorofi wa Bakoba, na rap yenu "Konda Nishushe" ikapigwa katika kila basi lililopita Muleba. Abiria walipitiliza vituo vyao kwa kuimba. Bibi naye alijua kiitikio, ila alidai amekisikia kanisani.

Kisha ukachoka kuwa mkorofi. Ukamtafuta Mzee Ndyamukama na enanga yake, zeze la mababu, ukarap juu ya nyuzi zile kwa Kihaya na Kiswahili. Sada, dada yake Lukmani, akaitikia kwa mahadhi ya kaswida. Mzee alikusikiliza, akasema, "Waitu, unaongea mbio kama umechokoza nyuki. Lakini mapigo unayo."

Burhani hakupendezwa. "Rap na enanga? Sasa utamrapia nani, mizimu?"

"Mizimu husikiliza," ulimjibu. "Wewe je?"

Akaondoka, akaenda na jina la kundi.

Ulipoanza kukonda, tulisema ni malaria. Hata tangazo la mazishi lilisema malaria. Leo tunaandika ulivyotaka tuandike: ulikuwa na Ukimwi, nawe hukumficha mtu.

Ulirudi kijijini kuuguzwa, lakini hukuacha ukarimu. Kila mgeni alipoingia, ulijikongoja kumletea mwenyewe kikapu cha kahawa ya kutafuna. Na kama desturi yetu inavyotaka, ulitangulia kutafuna buni moja, mgeni aone haina sumu. Hapo ndipo walipokukimbia. Waliona vidole vikitoka mdomoni na kurudi kikapuni, na vijiji vyetu vilikuwa vimezika wengi mno.

"Meno, mwanangu," alisema jirani. "Yananiuma tangu jana."

"Nimetafuna sasa hivi njiani," akasema mwingine.

Burhani alikuja mara moja tu. "Samahani, ndugu yangu, nimefunga."

"Mwezi gani huu, Burhani?"

Ramadhani ilikuwa mbali.

Siku ya msiba kikapu kilekile kilishikwa na Bibi. Maawe! Meno yote yakapona. Walitafuna mpaka mashavu yakavimba, wakasifu sauti yako, wakaomba kikapu kipite tena.

Wimbo wako wa mwisho uliurekodi kitandani, Lukmani akishika redio kaseti karibu na mdomo wako. Ukauita "Meno". Ulisema kijiji kizima kina meno mabovu, ila mimi, mpwa wako Protase, peke yangu ndiye mwenye meno.

"Na mimi je?" Lukmani akalalamika. Naye alikuwa akitafuna kila alipokuja.

"Wewe nitakuimbia wimbo mwingine."

Wimbo huo haukuja. Wa kwangu ukaenea hadi shuleni kwetu, nikatembea bwenini kifua mbele.

Nilikusudia kumalizia hapa, kwa kuwataja wenye meno mabovu mmoja mmoja. Lakini Bibi amefungua sanduku langu la shule kunitafutia shati la kuvaa kwenye misa yako, na mfukoni amekuta buni. Ameziweka juu ya karatasi hii.

"Protase, hizi zimeotaje huku?"

"Ni za somo la biolojia, Bibi."

"Biolojia," akasema. Akakaa, akasubiri.

Sikutafuna, Mjomba. Hata siku moja. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikapeleka kiganja mdomoni, nikachezesha taya kama mbuzi, buni zikiishia mfukoni. Bwenini nikiigiza walimu, wote hucheka. Igizo hili ulilitazama wewe peke yako, ukaliamini, ukaliimba. Wale majirani angalau walikukatalia usoni.

Nimezitafuna sasa, Bibi akinitazama. Zimekuwa ngumu, zina ladha ya sabuni ya shule. Kaseti yako bado inasema vilevile.

Wanaokukumbuka ni mama yako Ephrasia, Mzee Ndyamukama, ambaye hajafungua mfuko wa enanga tangu uondoke, Sada, Lukmani, anayeudai wimbo wake, na mpwa wako Protase, ambaye uliimba kuwa ana meno.

Daima tutakukumbuka, Mjomba, hata siku ambazo tungependa kusahau.