Pointi Moja kwa Kila Jani

Ijumaa, 11 Oktoba

Tumepoteza miti sabini na minne. Leo asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu, wakati wa kazi za usafi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya tatu nikahesabu huku nikijua ni ujinga.

Niandike vizuri. Januari tulipanda mijohoro 240 nyuma ya jiko la shule, ili siku moja tuache kukata kuni za mlimani. Jiko linakula mikokoteni minne kwa wiki na mlima umebaki kipara. Mbuzi wa majirani walimaliza 31. Mchwa na kiangazi, 18. Ikabaki 191 — miezi tisa ya maji ya kuogea, yanayopita kwenye mtaro tuliouchimba wenyewe wasichana! Na majani makavu, unene wa kiganja kuzunguka kila shina, udongo usikauke.

Leo 117.

Walioyafagia majani ni kidato cha kwanza wa Bweni la Bua. Wamekusanya marundo katikati ya mistari, wakayatia kiberiti, kama yanavyotiwa marundo yote ya shule hii, moto ukarukia miti. Nimewakuta wamesimama na mifagio wanasubiri kusifiwa. Mmoja, Tiyanjane, kadogo, sketi imemshinda kiuno, akaniambia, "Dada Ulemu, ona! Hata jani moja!"

Nikaanza kuhesabu mashina.

Mwalimu Chipeta, makamu wa mkuu, akapita. Akasema pole. Akasema pia kwamba angalau sasa panapendeza, maana wageni kutoka Lilongwe wanakuja Ijumaa ijayo. Wageni wa nini? Wa mazingira! Wanakuja kuangalia miti.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mimi na Lusungu, mwenzangu wa darasa, tumejaza magunia tisa ya majani kutoka uwanja wa mpira. Tulikuwa tumemwaga nusu gunia tu, Mwalimu Chipeta huyo.

"Ulemu, unataka kunifugia nyoka?"

Nikamwambia hatujaona nyoka hata mmoja tangu Mei. Akasema wageni hawaonyeshwi takataka, wakiondoka tutarudisha. Nikamwambia wageni wakiondoka ni siku saba, na joto hili la hapa Balaka, udongo mtupu hauwekeki mkono. Akasema miti ina subira kuliko wasichana.

Alikuwa amejikinga jua kwa mwavuli. Nilitaka kumwambia: wewe una mwavuli. Sikumwambia. Magunia tumeyarudisha nyuma ya stoo.

Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata nafuu.

Jumapili, 13 Oktoba

112.

Pampu inatoa kidogo. Kila msichana nusu ndoo, na tuko 206. Maji ya mtaro yanafika mstari wa tatu, yanaishia hapo. Mistari ni kumi na miwili.

Kanisani sikuweza kukaa. Nimetoka mara mbili. Nyuma yangu wakacheka: "Bibi anakwenda kuhesabu wajukuu." Bibi ndiye mimi. Nina miaka ishirini na mmoja, niko kidato cha tatu. Miaka mitatu nimekaanga maandazi kituo cha basi ndipo nikarudi darasani, hakuna aliyenisaidia hata kupuliza moto. Wacheke.

Kesho namtafuta aliyetoa amri. Najua ni Chipeta. Nataka tu mtu aseme.

Jumatatu, 14 Oktoba

104.

Ningeacha hapa. Lakini nikiacha leo sitaandika tena.

Nilimwita Tiyanjane baada ya chakula. Alikuja sima bado iko vidoleni.

"Nani aliwatuma kufagia kule?"

"Hakuna, dada."

"Mwalimu Chipeta?"

"Hapana. Ni pointi."

"Pointi gani?"

Akanivuta mkono mpaka ubao wa matangazo mlangoni pa bwalo. Karatasi ya mashindano ya usafi. Kila bweni linaanza na pointi hamsini. Kila jani litakalokutwa chini kwenye eneo lako, toa moja.

Mwandiko wangu.

Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa usafi. Jedwali nilichora mimi, kwa rula, rangi nne. Nilijivunia! Wakati huo nyuma ya jiko hapakuwa eneo la bweni lolote, palikuwa petu sisi wa kikundi cha miti. Muhula huu maeneo yakagawanywa upya, Bua wakapewa kule. Kanuni hakuna aliyeigusa.

"Tulijaribu kwanza kuyahesabu, dada," Tiyanjane akasema. "Tulifika mia sita tukachoka. Tulikuwa hasi mia tano na hamsini."

Hesabu yake ni sahihi. Nilikaa chini pale pale mlangoni, watu wakaniruka.

Jumanne, 15 Oktoba

97.

Sikukuu ya akina mama, hakuna darasa. Mama Mkuu wa shule, Bi Kachingwe, amekwenda kwa mama yake, anarudi kesho. Siku nzima ya kukaa bure na jua juu.

Nimemweleza Lusungu. Akasema: "Kwa hiyo Bibi umejichomea mwenyewe." Halafu akaona uso wangu. "Lakini kiberiti hukushika." Yote mawili hayanisaidii kitu.

Nikaenda nyumbani kwa Mwalimu Chipeta, nikamwambia kanuni ni yangu. Nilidhani nikisema, naye atasema kitu. Akanywa maji yake polepole. "Basi tumemalizana, binti yangu. Wala usijali, hatutamtaja mtu." Akanipa karatasi: hotuba nitakayoisoma mbele ya wageni. *Tulipanda miti 240. Kwa bahati mbaya kiangazi kikali kimeua mingi.*

Kiangazi! Kiangazi na mchwa wameua 18. Mimi siwezi kusimama nikasingizia jua.

Na majani? Nimemuuliza tena mlangoni. "Baada ya Ijumaa, nimeshasema."

Jumatano, 16 Oktoba

88.

Nimeing'oa ile karatasi ubaoni. Bua wamelalamika, walikuwa wanaongoza na hamsini zao zote.

Saa nane mchana Tiyanjane na wenzake sita wakaja kwenye miti na mabeseni ya kufulia. Juu sare, chini majani makavu. Nimewafukuza. Wakikamatwa adhabu ni kung'oa visiki, na sitaki mtoto ang'oe kisiki kwa hesabu yangu mimi.

Jioni nimekuta miti minne mwisho wa mstari wa kumi imefunikwa vizuri, majani yamekandamizwa kwa mikono midogo. Sikuyaondoa.

Mama Mkuu amerudi usiku, gari limeonekana.

Alhamisi, 17 Oktoba

81. Ile minne ya mstari wa kumi imesimama wima. Jirani zake wamelala.

Barua nimeipenyeza chini ya mlango wa ofisi ya Mama Mkuu saa moja asubuhi. Nanakili hapa, asije mtu akasema niliandika vingine:

*Mama, kanuni ya pointi moja kwa kila jani niliitunga mimi. Kwa sababu yake miti 74 iliungua Ijumaa. Tangu siku hiyo mingine 36 imekauka kwa sababu tumekatazwa kurudisha majani. Hotuba niliyopewa inasema ni kiangazi. Hivyo sitaisoma. Nitasoma hesabu hii, na wa kwanza kutajwa nitakuwa mimi. Magunia tisa yako nyuma ya stoo. Tunahitaji dakika arobaini. Tukikosa leo, kesho wageni wataonyeshwa vijiti. Naomba jibu moja, ndiyo au hapana, kabla ya kengele ya saa kumi.*

Saa nne Mama alipita karibu yangu, akaniangalia, akaendelea. Saa saba hakuja bwaloni. Saa tisa Mwalimu Chipeta ameingia ofisini kwa Mama, mwavuli ameuegemeza nje. Mpaka sasa uko pale.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye gunia. Saba wa Bua wamefika, mabeseni vichwani, na leo si siku ya kufua. Nimewaambia waondoke. Tiyanjane amesema, "Tunasubiri tu, dada." Lusungu anauliza, na akisema hapana? Kamba za magunia nimezifungua zote tisa.

Saa tisa na dakika hamsini na nne. Mlango umefunguka — ni Chipeta, amechukua mwavuli, amesimama, hajaufungua. Mama yuko nyuma yake na barua yangu mkononi.

Dakika sita, Mama. Ndiyo au hapana?