Tata, Nimekata Vile Vyuma

Tata,

Nimekata vile vyuma. Nakuambia hata kabla ya salamu, maana najua ungeuliza hicho kwanza. Umetuacha miezi nane sasa, baba yetu, na mi nimechoka, tata. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Unakumbuka ulivyokuwa unapanda juu ya dari ya saruji kila kiangazi, na kopo la mafuta machafu ya gari, ukivipaka visiliwe na kutu? Vyuma kumi na viwili vilisimama pale juu, vikingoja etaje, ile ghorofa ya juu. Mgeni yeyote aliyefika kwetu Dilala ulimpandisha ukamwonyesha. "Hapa chumba ya Fiston. Pale ya Didier. Batoto bote batarudi, tutaikala pamoja." Mi ulisahau kunipa chumba. Nilikuwa chini, jikoni, nakusongea bukari, ugali wako. Iliniuma, sikusema.

Siku tuliyokuzika, yaya Fiston, kaka yetu mkubwa, aliapa palepale makaburini kwamba mwaka huu anaanza kujenga. Ndugu yetu Didier naye akaitikia. Nikaamini, mjinga mimi. Mvua ikaanza. Maji yakapita kwenye mashimo ya vyuma, yakashuka ukutani mpaka kwenye kitanda cha binti yangu Naomie. Nikaweka sufuria. Nikaweka beseni. Nikampigia Fiston, kule Lubumbashi, akajibu: "Tutafika, vumilia kidogo." Didier, kule Likasi, hashiki simu. Kila pikipiki ya teksi ikisimama mbele ya nyumba, nachungulia. Miezi yote hiyo nachungulia tu. Nikawa mkali kwa kila mtu, hata majirani wakaacha kuingia.

Siku moja nikampiga Naomie kofi, msichana mkubwa vile, kwa sababu alimwaga maji ya beseni sebuleni. Alikuwa anataka kunisaidia. Nikakaa chini nikalia, na sikuwa nakulilia wewe, tata, nisamehe. Nililia uchovu. Kesho yake nikamwita fundi wa kuchomea vyuma. Alivikata vyote kabla ya chakula cha mchana. Juu tukaweka manjanja, mabati ya kawaida tu. Sasa mvua inapiga kelele zake huko huko nje.

Kisha nikampigia Fiston. Nilijiandaa kutukanwa. Nikamsikia anashusha pumzi. "Afazali," akasema. "Mi nilikuwa naogopa kufika kwetu. Kila mara tata alinipandisha kule juu, nashuka najiona si mutu."

Kumbe! Miaka yote ile tulidhani anajidai, tata. Wewe ulisema mjini wamemharibu, na mi nikakubali.

Jumapili ya wiki ile ile alikuja, na mke wake na batoto. Akala, akalala kwenye kiti mdomo wazi, tukamcheka wote, alasiri wakarudi. Hakuahidi kitu, na mi sikumwomba. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo. Didier bado hashiki simu. Nimeacha kumkasirikia, maana hasira yenyewe ilikuwa inanila mimi, yeye hana habari.

Sikulaumu. Ulitupenda, ukatutaka karibu, basi. Lakini ulikufa ukiangalia mlango, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote. Sasa pumzika, tata wangu. Usitungoje tena.

Neno moja limebaki. Naomie amemaliza shule, anataka kwenda Lubumbashi kusomea uuguzi. Jana alikuja kuniambia, macho chini, kama mtu aliyeiba. Moyo ulinishuka, siwezi kukudanganya. Nilitaka kumwuliza nani atabaki na mi, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza. Nakuahidi, tata: nitamfungia mizigo kwa mikono yangu, nitamsindikiza mpaka kwenye basi, na sitamwuliza atarudi lini.

Mutoto wako,
Mado