Tawi Nililoliburuta Kilimambogo

Kaka yangu Kioko,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Mama, mlango wazi, na mlima umejifunika ukungu tangu asubuhi. Unajua ukiwa hivyo haufai. Ulizoea kuutazama kutoka papa hapa, kikombe mkononi, ukisema, "Leo huo uko na wenyewe," ukimaanisha nyati. Kuna neno nimelificha tangu ulipotuacha, miaka tisa sasa. Ungekuwa hai ungelijua siku ile ile, maana sikuwahi kukudanganya uso kwa uso nikafaulu.

Nianze na mazuri, nipate nguvu. Ulikuwa umepata kibarua cha kuwapelekea walinzi wa milingoti ya mawasiliano ya kileleni unga, sukari na mafuta ya taa kila Jumamosi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nikakuganda kama kupe mpaka ukaniombea kwa Baba ruhusa ya kupanda nawe. Ulichukua baiskeli yako, ukanipa ya Baba, zote mbili zile nyeusi za mizigo. Tulizisukuma kwa muda wa saa tatu hivi, changarawe ikiteleza chini ya miguu, wewe ukinicheka. "Wee Mwikali, hiyo ni baiskeli ama ni ng'ombe unapeleka mnadani?"

Kurudi ndiko kulikokuwa na raha. Huku chini malori ya mchanga yalitusukuma mtaroni kila siku, lakini kule juu hapakuwa na gari wala honi, ni tairi tu zikisaga kokoto na upepo masikioni. Wageni wa mjini siku hizi wanalipia raha hiyo, nasi tuliipata bure. Hata hivyo ukimya ule haukuwa mtupu. Mara nyingi nilihisi kuna kitu kichakani kimeacha kutafuna ili kitusikilize tukipita. Nilikuuliza kama nawe ulihisi hivyo, ukanijibu, "Ii, kwani wewe ulidhani ni nani anapewa kengele hii yote?"

Breki za baiskeli zile ziliisha mpira kabla ya nusu ya mteremko. Kwa hivyo tulifanya kama wanavyofanya wabeba maji wa kwetu: tuliokota tawi kubwa lenye majani, tukalifunga kwenye keria kwa kamba ya katani, likaburutwa nyuma na kupunguza kasi. Mdogo alitangulia ili mkubwa amwone. Masharti yako yalikuwa mawili tu. Kengele ilie kila kona. Na aliye mbele akiona kwato mbichi, asimame aite.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa, iliyobomoa barabara hata daraja. Jumamosi ile tulifika kileleni tumelowa. Ulikuwa kimya njia nzima, nami nikajua kuna jambo. Tulipomaliza kuwakabidhi walinzi vitu vyao ukaniambia, "Hii ndiyo yako ya mwisho. Mama amekataa. Anasema msichana mkubwa hawezi kuwa anaonekana kwa baiskeli kila wiki."

"Nani alimwambia nakuja kila wiki?"

"Mimi. Aliniuliza, ningefanya nini?"

Kaka, nilikuchukia. Nasema wazi, maana nimechoka kulipamba. Nilifunga tawi langu, nikaondoka bila kukungoja, na sikupiga kengele hata mara moja.

Kona ya nne au ya tano kutoka juu niliona kwato. Zilikuwa pana, zimezama kwenye tope, na maji yalikuwa bado yanajikusanya ndani yake. Zilivuka barabara kutoka kulia, zikaingia kwenye kichaka cha kushoto, na ukingoni palikuwa na kinyesi kinachofuka mvuke. Halikuwa kundi. Alikuwa nyati mmoja, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba wa kuogopwa ni yule wa peke yake.

Nilijua la kufanya. Lakini nilijua pia kwamba nikisimama utanifikia, na ukinifikia utaanza kunipa yale mawaidha yako. Nikajiambia, ataziona mwenyewe, si yeye ndiye mjuzi wa njia? Nikapita. Nilipita katikati ya zile kwato, Kioko, na tawi langu likapita nyuma yangu.

Nilisimama mbali chini, penye jiwe kubwa, nikiwa nimenuna. Nilisikia kengele yako mara moja, kisha tena, ikikaribia. Halafu ikanyamaza. Nikangoja ilie. Ndege nao walikuwa wamenyamaza, na nilisimama pale nikijidanganya kwamba umeshuka kufunga kamba yako vizuri. Nilipoanza kupanda kwenda kukutafuta, miguu yangu ilikuwa inajua tayari.

Ulikuwa ukingoni mwa barabara, umejishika ubavu. Hukulia. Ulionekana mtu aliyeshangaa tu, kama mwanafunzi aliyekosa hesabu anayoijua. Uliniambia, "Mwikali, sikuona kitu. Barabara ilikuwa safi." Ukarudia, "Ilikuwa safi kabisa."

Ndipo nikageuka. Kutoka pale ulipolala hadi kona ya juu, barabara ilikuwa imefagiliwa kama uwanja wa kanisa siku ya harusi.

Nilipiga mayowe mpaka walinzi wakashuka. Walikupeleka, na hukufika hospitali.

Baba aliniuliza mara moja tu, kama kulikuwa na alama barabarani. Nikasema, "Zilikuwepo, Baba. Mimi niliziona." Nikaishia hapo. Ukweli nusu ndio huo, na Baba akaumalizia mwenyewe: kwamba ulikuja mbio, kichwa juu, hukusoma njia. Tangu hapo amekufanya funzo. Mtoto yeyote wa kijiji akipanda baiskeli, Baba humwita: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa na kijana hakusikia." Nimemsikia akisema hivyo mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, hata juu ya kaburi lako. Nami nilisimama kando nikitazama viatu vyangu.

Ningeendelea hivyo mpaka kufa, mimi ni mwoga, unajua. Lakini mdogo wetu Mutuku, uliyemwacha hajaanza hata shule, sasa ana kumi na mbili. Juma lililopita nilimkuta nyuma ya nyumba na wenzake wawili wakifunga matawi kwenye keria. Wanataka kuwasindikiza wageni wa baiskeli mlimani. Nikamwuliza nani atakuwa nyuma. Akasema, "Mimi. Usijali, Baba ametuambia tuangalie chini, tusikuwe kama Kioko." Nilikata kamba zile kwa kisu cha jikoni, wakadhani nimerukwa na akili.

Jioni hiyo nilimwambia Baba yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ulimwita?" Nikasema, "Hapana, Baba." Akaingia ndani.

Kesho yake aliwakusanya vijana wote akawakataza kufunga matawi, akawaambia kwa nini. Amekwenda kaburini kwako mara tatu, peke yake, bila kofia. Kwangu hajasema neno. Jana alikuja mgeni kutoka Yatta, na katika mazungumzo akamwuliza Baba ana watoto wangapi. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikishikilia chai ya Baba.

"Nilikuwa na kijana mmoja hodari sana," Baba akasema. "Anaitwa Kioko, hakuna mtu alijua njia kama yeye. Na niko na huyu mdogo, Mutuku."

Mgeni akanitazama mimi, kisha akamtazama Baba. Baba akanyoosha mkono akapokea chai.

Pumzika, kaka. Jina lako limerudi nyumbani.

Dada yako,
Mwikali