Kamera ya Marehemu Imelia

Baba Seleyian,

Githeri iko kwa sufuria kubwa, pasha moto tu. Kuku wape maji. Tafadhali usifagie chini ya meza, kuna skrubu moja ndogo imenipotea hapo.

Sasa nikuambie kabla nipasuke: kamera ya marehemu baba yako imelia! Ile ulinichekea jana ukishika mbavu, "Fundi wa Nairobi alishindwa, sasa wewe wa kujifunza kwa simu utaweza?" Hiyo iliniuma, sikufichi. Lakini ulipotoka tu asubuhi nikaifungua tena. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kwa vile vibati vyembamba vya kuingiza mwanga. Nikavipangusa polepole na pamba na spiriti, nikabonyeza. Kacha! Nilipiga nduru hadi jirani yetu Phylis akakuja mbio na rungu, akidhani ni nyoka.

Nikampigia mama yako. Nikaweka simu karibu na kamera, nikabonyeza tena. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akacheka, "Huyo ni mzee wangu kabisa! Akibonyeza hivyo, sisi wote tulikuwa tunafunga macho."

~~Tutarudi jioni.~~ Tunalala kwake huko Kajiado, mimi na Seleyian. Kamera na filamu nimebeba. Mama anasema lazima kwanza avae shanga zake zote. Njoo kesho mapema, na uvae shati safi. Tumekubaliana picha ya kwanza haipigwi kama haujafika.

Mama Seleyian,
~~mwanafunzi~~ fundi