Timu Iliyochukuliwa Msibani

Tatu, mke mwenzangu,

Usishtuke kuona mwandiko. Ni wangu. Herufi zimelala kama mpunga uliopitiwa na kiboko, lakini ni zangu, na wa kulaumiwa ni weye. Mie sikuketi darasani hata siku moja. Ulinifundisha weye, tumekaa kwenye dungu tunalinda mpunga, unanichorea kwa mkaa juu ya ungo. Nikikosea unafuta kwa kiganja, kisha unanipaka ule weusi puani na kucheka. Nilikuchukia. Nikajifunza upesi ili usinizidi na hilo.

Tangu tukuzike masika mawili yamepita na sikukuandikia, maana nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Lakini kuna jambo limetokea, na hapa Umwe hakuna ninayeweza kumwambia lote.

Timu yako imeanguka. Mafuriko ile ile, ya jezi za rangi ya maji ya mto, ambazo mume wetu alisema zikichafuka hakuna atakayejua. Mwenyekiti mpya alitaka ipande daraja. Akaleta wachezaji kutoka mbali, akawapangia nyumba Ikwiriri, akakopa basi. Ukapita msimu mmoja wa mbwembwe. Mishahara ilipokatika, wale wageni waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Kocha aliondoka na mipira. Golikipa alichukua nyavu za goli, na mie kwa macho yangu nimeziona mtoni zikitega kambale. Basi likaja kuvutwa mchana kweupe, watoto wanalikimbiza wakidhani kuna mechi. Waliobaki walikwenda kucheza Mahege watu wanane, juu ya pikapu ya mkaa, wakafungwa mpaka refa akaona haya.

Na unajua watu walisema nini? Hawakumtaja mwenyekiti. Walisema, "Tangu Mama Tatu afe, timu nayo imekufa." Kisimani, sokoni, hata kwenye hitima ya mtu mwingine kabisa. Mama Tatu, Mama Tatu. Mie nimekaa pale pale, mke mkubwa wa nyumba hiyo hiyo, nakuna nazi kama sipo.

Niseme ukweli wote, maana huwezi tena kunijibu. Nilikuonea wivu tangu siku uliyoingia. Mzee aliniambia anakuoa kwa sababu nyumba inahitaji kicheko. Kicheko! Mie nilikuwa nimemzalia watoto sita. Hukuzaa, nikasema moyoni, haya, Mungu kanipa changu. Halafu akaanzisha timu, akakukabidhi weye jiko la wachezaji na sanduku la jezi, na mara ukawa na watoto kumi na mmoja na wa akiba juu. Wakikuona wanakupokea ndoo. Mie sita wangu, anayenipigia simu ni mmoja, na huyo hupiga mchele ukimwishia.

Siku ya maziko yako walikuja wamevaa jezi. Walibeba jeneza wakipokezana, wanaume wazima wanalia kamasi zinawatoka. Mie nilikuwa uani nahesabu watu. Nilihesabu, Tatu. Waliokuja kwa mume wetu, waliokuja kwako, na watakaokuja kwangu. Nilipofika kwangu nikaacha.

Sasa sikiliza kosa langu.

Unamkumbuka mtani wetu, Mzee Kilindo wa Ngorongo. Babu yake na babu wa mume wetu walikimbia pamoja vita vya Maji, askari wa Mjerumani wanachoma maghala, wao wawili wakajifukia kwenye shimo la mhanga siku kadhaa na kipande kimoja cha muhogo. Babu yetu akakila chote mwenzake amelala. Ndiyo maana mpaka leo akina Kilindo wakija msibani kwetu wanachukua wanachotaka, na sisi tunakikomboa kwa kuku au kwa unga. Wakichukua jembe, tunakomboa jembe. Ndivyo tulivyolelewa.

Siku ya hitima yako alijilaza juu ya sanduku la jezi, miguu juu, akapaza sauti: "Walafi wakubwa nyie! Sanduku hili na timu iliyomo nimechukua! Anayeitaka aje anikomboe!" Watu wakacheka, wakanigeukia mie, mkubwa wa nyumba. Jogoo alikuwa pale pale miguuni pangu. Nikamwambia, "Chukua. Chukua uende nayo, na isirudi hapa." Watu wakazidi kucheka, wakadhani namtania. Kilindo peke yake hakucheka. Alinitazama, akajitwika sanduku, akaenda zake.

Nami nikalala vizuri. Nilisema, hii nyumba sasa ni yangu peke yangu.

Basi madeni ya timu yalipofika mahakamani, akaletwa msimamizi. Ni kijana wa miwani, mpole, kazi yake kushika mali ya timu mpaka ijulikane inadaiwa na nani na ni ya nani. Akaketi ofisi ya kata, tukaitwa. Mwenyekiti akasema timu ni yake, yeye ndiye aliyeweka saini kwenye mkopo. Tajiri wa ufuta akasema ni yake, basi lilikopwa kwa dhamana yake, na yuko tayari kuichukua jumla: jina alipeleke mjini na nafasi yake kwenye ligi, uwanja aanikie ufuta. Watu wetu wakasema timu ni yetu sote, tumeitolea mchele na nguvu tangu enzi za Mzee. Kijana akauliza, "Karatasi ziko wapi?"

Shemeji yako, yule asiyejua kunyamaza, akajibu, "Timu yenyewe iko Ngorongo."

"Kwa nani?"

"Kwa Mzee Kilindo. Aliichukua msibani."

"Aliinunua?"

"Hapana, aliichukua tu."

"Mkamwacha?"

"Ni haki yake!" ukumbi mzima ukaitika, na mie nimeinamisha kichwa.

Kijana wa watu akaandika: Kilindo, mdai wa nne. Kwao huyo kijana, watani hutaniana kwa maneno, yakaisha. Hakuelewa kwamba sanduku limeondoka na kitabu cha wanachama na cheti cha usajili, vyote ulivyokuwa ukivifunga kwenye kanga chini ya jezi. Akasema atangoja mpaka Alhamisi. Pasipopatikana karatasi ya kuonyesha timu ni ya wanachama, ombi la tajiri ndilo atakalolipeleka mahakamani.

Wakatoka wanalia, Tatu. Yule Hamisi wako wa kiungo, aliyekataa kuhama na wenzake, amekaa kwenye ngazi na viatu vyake vya mpira mapajani. Hakuna aliyejua kwamba ni mie. Wote wanadhani nilisahau kukomboa.

Jumatano asubuhi nikafunga kuku wawili na pishi ya mchele, nikapanda bodaboda, mie na magoti haya, mpaka Ngorongo. Kilindo nimemkuta anabangua korosho, amelikalia sanduku lako kama kiti. Hakuniamkia.

"Mke wa mjukuu wa mla muhogo," akasema. "Tajiri alikuja hapa na gari, akaniwekea bahasha. Nikamwambia babu yako hakuwa shimoni, ondoka kwangu. Weye umekuja na nini?"

Nikamwonyesha.

"Kuku weka pale. Mchele weka pale. Hivyo ni vya kuchelewa. Ukombozi bado."

"Unataka nini, mwizi weye?"

Akasema, "Siku ile hukulia. Kijiji kizima kimelia, weye unahesabu watu. Nilikuona midomo inacheza. Nataka ulie."

Nikamwambia silii kwa amri ya mtu, hata aje na hao Wajerumani waliomkimbiza babu yake. Nikamtukana na ukoo wake wote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafungua sanduku, akavaa jezi, akajifunga kanga kiunoni, akashika mwiko. Unajua watani wanavyomwiga marehemu. Akaanza kutembea, Tatu. Ule mguu wako wa kushoto, unauvuta kidogo. Ule mkono unashika kiuno. Akanijia na kifuu cha nazi kana kwamba ni bakuli, akaniambia kwa sauti yako ile nyembamba:

"Bi Mkubwa, onja mchuzi, chumvi imekolea?"

Halafu akageuka, akakunja uso, akajibu kwa sauti yangu: "Haijakolea!"

Nilicheka. Nakwambia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maana ndivyo ilivyokuwa, kila mechi, miaka yote. Wachezaji wamepanga foleni na sahani zao wanakufa njaa, nawe hugawi mpaka uniletee bakuli kibarazani kwangu. Nami kila mara nasema haijakolea. Ilikuwa imekolea, Tatu. Ilikuwa imekolea kila siku. Nawe unarudi jikoni, unajifanya unaongeza.

Sijui kicheko kiligeuka saa ngapi. Nilijiona nimekaa chini kwenye maganda ya korosho, kilemba kimenitoka, nakulilia kwa jina lako. Kilindo akavua jezi, akaikunja vizuri, akasema, "Hayo hayo. Nimepokea." Akaniitia bodaboda na kunifungia sanduku mwenyewe. Kuku hakurudisha.

Nyumbani nilifungua kitabu. Nilisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, kama ulivyonifundisha. Jina la kwanza mume wetu. La pili weye. Kisha watu wote, Tatu, hata yule bibi aliyekuwa anachota maji ya wachezaji, hata kinyozi. Nikapekua mpaka mwisho. Nikarudia. Langu hamna.

Moto ukaniwaka upya, nikataka kukitia jikoni kitabu chenyewe. Halafu nikakumbuka. Uliniomba. Mwaka ule mto ulipofunika uwanja, ulikuja na kalamu ukasema, "Bi Mkubwa, nikuandike?" Nikakwambia sina haja ya kuandikwa kwenye vitu vya watu wasiokuwa na watoto. Uliondoka unavuta mguu. Neno hilo nimelibeba mpaka leo, na hapa nalitua. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, tutaonana huko tulimalize.

Alhamisi nilimpelekea kijana sanduku zima. Akasoma cheti, akasoma kitabu, akavua miwani akaifuta. Akasema karatasi zinaonyesha timu ni ya wanachama, hivyo hawezi kupeleka ombi la tajiri kabla hajawaita wakae na kuamua. Madeni yapo pale pale. Uwanja unaweza kwenda, jina linaweza kubaki, au vyote, au hakuna. Hajasema timu imepona, nami sitakudanganya.

Nikamwambia mbele ya wote kwamba si kusahau, nilikataa kukomboa kwa wivu. Hamisi wako alinitazama kwa jicho nisilolipenda, nami nikamwacha anitazame, ana haki. Kisha nikaomba kalamu.

Kijana akasema, "Bibi, watakaopiga kura ni walioandikwa kabla ya timu kufika mahakamani."

"Sitaki kura," nikamwambia. "Nataka jina."

Nilitaka kulibana kule mwanzo, kati ya mume wetu na weye, maana nafasi ndogo ilikuwepo. Akakataa, kitabu ni ushahidi, akanionyesha ukurasa wa mwisho. Basi nimeandika huko, SOMOE, mbali nanyi. Hata makaburini mmelala ubavu kwa ubavu na mie mtaniweka wapi? Nimewaambia watoto wanizike upande wako weye. Upande wa Mzee kuna mfereji, na isitoshe mie na weye bado tuna maneno.

Jumamosi hii wanacheza, tisa tu, na watu wa Ikwiriri, bila kiingilio. Hamisi alikuja jana. Hakuniamkia vizuri, lakini aliniuliza, "Chakula kitakuwepo?" Nikamjibu kitakuwepo, na mechi inayofuata kitakuwepo, na wakinyang'anywa uwanja nitawapikia hata barabarani. Hilo nakuahidi weye. Wao siwaahidi, wasije wakanizoea.

Nimeshaosha sufuria lako kubwa. Wasinipokee ndoo wakiona taabu. Nitapika, nitajaza bakuli la kwanza, nitakwenda nalo kibarazani nikae peke yangu. Nitaonja.

Nami nitasema haijakolea.

Pumzika, mwanamke weye.

Somoe,
Bi Mkubwa wako