Bismillahi ya Mstari wa Sitini

Jumamosi, 4 Mei 1996

Mvua tangu alfajiri. Zahanati tupu. Watu wa Kisauni mvua ikinyesha hawaumwi. Stima ipo — ajabu — na mimi nimekaa na kompyuta mchana kutwa, tunatazamana.

Programu ya kadi za wagonjwa imegoma tena. Nikimwingiza mja mzito mwenye miadi miwili katika mwezi mmoja, kadi inaingia, lakini nikitaka kuifungua skrini inakuwa nyeusi. Sista Dhahabu, mkuu wetu, kauliza mara tatu kama mashine imekufa. Nikamwambia haijafa, imenuna tu.

Itabidi nimwandikie Aqil wa zahanati ya Likoni. Tunaoitumia programu hii ni watatu — mimi hapa, Aqil kule, na Tsuma wa Utange — na hatuna bwana. Aliyeiandika ni Badi. Alitugawia disketi, akapanda ndege kwenda Maskati kufundisha hesabu. Juu kabisa ya maandishi yake ya ndani kaacha maneno haya: Ichukue. Isome. Ukiirekebisha, mpe na mwenzio. Mkataba wetu ndio huo, hakuna mwingine. Kila mtu anaona ndani, kila mtu anatia mkono. Mimi nilitia hesabu ya tarehe za kliniki mwezi wa Machi, nikajisifu wiki nzima.

Leo nimeisoma yote mwanzo mwisho kutafuta kosa. Sikuliona. Ila mstari wa sitini nimekuta jambo jingine. Neno la siri la kufungulia mafaili limeandikwa pale pale, wazi: bismillahi. Ndilo tulilopewa na Badi, akatuambia kila zahanati ilifute iweke lake. Mimi sijafuta. Wenzangu sijui. Nikaweka kidole kwenye kitufe — nikakiondoa. Nifute bismillahi niandike nini? Kuku? Nikasema Aqil ataona, ana macho makali. Nikala mhogo wa nazi, nikasahau.

Jumatatu, 6 Mei 1996

Barke kaja! Barke niliyesoma naye chuoni kwa maalim mmoja, tukachapwa bakora moja kwa kosa moja — la kwake. Ana mimba ya wiki kumi. Nimemkumbatia mpaka Sista akakohoa.

Lakini kuna sharti. Asijue mtu. Zile mimba mbili za kwanza, mwezi wa pili nyumba ilijaa pongezi, mwezi wa tatu ikajaa pole. Safari hii hataki pongezi, hataki pole, hataki jicho la mtu mpaka apite mwezi wa nne. Mama mkwe hajui. Hata Stambuli, mumewe, hajui. Nikamwuliza, mume unamfichaje? Akasema Stambuli ni mtu mwema ila furaha yake haina mlango. Akijua asubuhi, adhuhuri baraza zima limejua.

Sista kampa miadi miwili mwezi huu, leo na tarehe ishirini na moja, kwa sababu ya yaliyopita. Kamwambia kwa ukali kabisa: hiyo ya pili usiikose, mwanangu, mara ile ulikosa na tukachelewa. Barke akaahidi. Akaitazama kompyuta, akaniuliza kama haina mdomo. Nikamwambia ina kufuli.

Kadi yake nimeiandika mwenyewe. Miadi miwili — skrini nyeusi! Tumecheka mpaka machozi.

Jumanne, 7 Mei 1996

Disketi imeondoka kwenda kwa Aqil ndani ya bahasha ya kaki, kwa mkono wa Mwalimu Masha anayevuka feri kila siku. Ndiyo desturi yetu. Kosa husafiri pamoja na kadi inayolileta, la sivyo mwenzako hataliona. Nimekopi kila kitu kama kilivyo. Kazi ya dakika mbili.

Ijumaa, 10 Mei 1996

Aqil kapiga simu. Kosa kalipata! Alama moja tu, jumlisha mahali pa toa, na aliyeitia ni mimi na ile hesabu yangu ya tarehe. Alijitahidi asicheke, akashindwa. Anasema sasa kadi zote zinafunguka bila tabu.

Nimefurahi hata utani wake sikuuona mchungu. Hivi ndivyo ninavyoipenda kazi hii. Wa Kisauni anakosea, wa Likoni anarekebisha, wa Utange anafaidi, na hakuna anayemlamba mwenzake miguu. Jioni nimejinunulia viazi vya karai, nikala peke yangu kwa raha zangu.

Jumapili, 12 Mei 1996

Ya Rabi.

Asubuhi kimefika kikapu nyumbani kwa mama mkwe wa Barke. Kimetoka Likoni. Ndani yake udongo wa kula, ndimu, na chupa mbili za achari ya embe. Aliyekileta kasema kwa sauti, mbele ya majirani watatu, kwamba ni vya mja mzito wetu. Mama mkwe kapiga vigelegele vya kusikika Frere Town. Stambuli kalia, kacheka, kisha katoka na sahani ya halwa, nyumba hadi nyumba. Watu wanasema alimlisha hata karani wa posta aliyekuwa anapita njia.

Barke kaja kwangu, kaketi kitandani, mkoba bado begani. Hakulia. Kaniuliza pole pole: mimi Barke nilimwambia nani? Wewe na Sista tu. Nikamwuliza kikapu ni cha nani. Akasema ni cha Bi Zubeda, shangazi yake Stambuli.

Bi Zubeda wa Likoni ni mamake Aqil.

Nilijua hapo hapo. Lakini nilimwambia nitapeleleza, nitamletea jibu. Mwoga mimi! Alipoondoka kasema huenda akapumzika na mambo ya kliniki kwa muda. Nikamkumbusha tarehe ishirini na moja. Akavuta mkoba begani, akashika njia.

Jumatatu, 13 Mei 1996

Nimempigia Aqil kabla hajanywa chai. Nikasikia anaita, Mama!

Bi Zubeda ndiye anayekaa mapokezi kwenye zahanati yao. Ana miaka hamsini na minane na kajifunza kibodi mwaka huu, kidole kimoja kimoja. Ijumaa Aqil alipomaliza kurekebisha alikwenda kuswali, akaiacha disketi yangu ndani ya mashine. Mama mtu akakaa kuandikisha wagonjwa.

Kaichukua simu mwenyewe, wala hana wasiwasi. “Mashine ikaniuliza neno, mwanangu, nami sijui jingine ila hilo nililofunzwa. Nikaiambia bismillahi kama niingiavyo mlango wowote, ikanifungulia. Jina la kwanza kuliona, Barke wetu! Ningenyamaza vipi, wallahi?” Kisha kaniuliza kama zile chupa za achari zilifika salama, maana alizifunga kwa haraka.

Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu tangu asubuhi. Yeye alifungua mlango kwa neno la heri. Mlango niliuacha mimi.

Jumatano, 15 Mei 1996

Tumekutana hapa kwetu, Aqil, Tsuma na mimi, baada ya kazi. Sista Dhahabu kakaa nasi mikono kifuani.

Yeye kaanza. Programu hii ichomwe moto. Ndugu yake wa Nairobi anajua mahali wanapouza nyingine, imefungwa, huwezi kuona ndani hata ufanyeje. Kitu ambacho kila mtu anatia mkono, kasema, mwisho wake ndio huu.

Tsuma ni mtu wa maneno machache, Mgiriama wa Utange, mzee wa kanisa. Kauliza: na hiyo ya Nairobi, ikiwa nayo ina neno kama hilo mstari wa sitini, nani atatuambia? Sista akashusha mikono. Mimi nikafurahi, nikadhani tumeshinda.

Ndipo Tsuma akasema hilo neno aliliona tangu Januari. Hakulifuta kwa sababu aliona ni neno la dini yetu na yeye ni mgeni katika programu ya Waislamu, si adabu. Akadhani sisi wenyewe tutajua la kufanya. Aqil akatazama chini, akasema naye aliliona, tena mara mbili. Mara ya kwanza aliona haya kulifuta, mara ya pili akasema Hafswa ndiye mwenye bidii, ataliondoa. Wakanigeukia mimi.

Nikasema niliona tarehe nne Mei, nikaenda kula mhogo.

Tsuma ndiye aliyeanza kucheka. Kisha sote, mpaka Sista. Watu watatu, macho sita, na kila mmoja kamwachia mwenzake! Lakini nikamkumbuka Barke na mkoba wake begani, kicheko kikaniishia.

Sista akatuuliza swali la Sista: “Kadi za karatasi zimo kabatini mwangu na ufunguo ninao mimi. Za kwenye mashine, ufunguo wake anao nani?” Tukasema sote. Akasema basi hamna ufunguo. Ndipo yakatoka maneno ya maana, tukakaa mpaka maghribi. Yaliyokubaliwa: neno litoke kwenye mstari wa sitini, lisiandikwe popote. Disketi ya kosa isibebe tena jina la binadamu — tubuni majina. (Tsuma kashaanza: Bi Jongoo Kangaja, wa Mtaa wa Papa Mkavu. Sikujua ana utani.) Na kila anayetia mkono, mmoja wetu asome nyuma yake na aandike jina lake kwamba kasoma. Si kudhani. Kusoma.

La mwisho nimelitoa mimi. Ukurasa wa siri wa kila mgonjwa ufungwe kwa neno lake mwenyewe, si letu. Aqil kasema ni kazi kubwa. Tsuma kasema, kubwa kuliko ile ya kwenda kuomba radhi?

Ijumaa, 17 Mei 1996

Macho mekundu. Tsuma kaandika sehemu ya kuvuruga herufi, ili asiye na neno asiweze kuzisoma, Aqil kaisoma, kaikuta na makosa mawili. Mimi nikaisoma nyuma ya Aqil, nikakuta la tatu! Nimeandika jina langu pale juu, Hafswa, nimesoma. Kumbe kusoma kwa kuweka jina si sawa na kusoma hivi hivi.

Bi Zubeda kaijaribu ya kwao. Kaiambia mashine bismillahi, ikamkatalia. Aqil anasema mamake kamtazama kama aliyefukuzwa harusini. Kaelezwa, kaelewa, na sasa anachagua neno lake na hataki kumwambia hata mwanawe.

Tumemwandikia Badi barua. Tumemweleza yote, la mhogo nikalifuta. Aqil akalirudisha.

Jumamosi, 18 Mei 1996

Nimekwenda kwa Barke. Chumba kimejaa watu na vyakula. Nimemvuta ua wa nyuma, kwenye kamba za nguo.

Nilikuwa nimepanga kuanza na Bi Zubeda, kisha Aqil, kisha Badi aliyeko Maskati. Nimeanza na mimi. Nimemwambia disketi niliipeleka mimi, na jina lake lilikuwa ndani. Na kwamba siku mbili kabla hajaja niliona kufuli ni bovu, nikaacha. Halafu nikamwambia mashine ina kufuli.

Kaanua kanga mbili, kazikunja. Kasema: “Kumbe uliona.”

Basi. Hakuna jingine. Ningependa angenitukana, angalau ningejua pa kushika. Nimemwomba radhi, nikamwomba na Jumanne asiikose, kwa ajili yake si yangu. Kasema watu wanamngoja ndani.

Naandika na kulia. Jinga kubwa mimi.

Jumanne, 21 Mei 1996

Saa tatu. Hajafika. Sista kauliza mara mbili. Nimepanga kalamu zote mezani kwa urefu.

Saa nne na nusu. Waja wazito tisa, hayumo. Mmoja kaniuliza kama ni kweli sasa mashine inamtii mgonjwa. Habari Kisauni haina miguu ila inakimbia. Nimemwonyesha. Neno lake kaliandika huku anajifunika kwa buibui, nikacheka kwa mara ya kwanza leo.

Saa sita kasoro robo. Kaja!

Kaingia na Stambuli, aliyebeba mto wa kumkalishia. Kamwamkia Sista. Mimi kanipita. Wamekaa huko ndani muda mrefu, nami nimeandika jina la mtu mmoja mara tatu kwa kukosea. Sista katoka akitabasamu, kasema moyo wa mtoto umesikika vizuri. Alhamdulillahi! Stambuli tukamtoa nje, maana alitaka kuwatangazia walio foleni.

Kisha Barke kasimama mbele ya meza yangu. Kaniambia nimwonyeshe hicho tulichotengeneza.

Nimemweleza pole pole. Kwamba akilisahau neno lake, ukurasa wake kwenye mashine ndio basi, itabaki karatasi ya Sista kabatini. Kauliza: “Nawe huwezi kuufungua?” Siwezi. “Hata ukisoma hayo maandishi yako yote?” Hata nikiyasoma yote, na Aqil ayasome, na Tsuma. Namna kufuli lilivyoundwa kila mtu anaona. Ufunguo haumo.

Kafikiri. Kavuta kiti, kaketi, kaweka vidole kwenye kibodi. Hajanitazama bado.

“Geuka,” kasema.

Nimegeuka. Naandika haya daftari nimeliegemeza ukutani, pua inagusa kalenda. Nyuma yangu vitufe vinalia. Kimoja. Kimoja tena. Ni refu, hilo neno lake. Sita, saba, nane —

“Na usihesabu, Hafswa.”

Nimeacha kuhesabu. Bado anabonyeza.